Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu na habari Zanzibar: watoto wetu wayapime madola yote kwa pishi moja

Assalaam alaykum waheshimiwa. Nakusudia nyinyi mnaoshika mitaala ya skuli zetu, nyinyi mnaoamua redio na televisheni ya umma itusomee khabari gani saa mbili usiku, na nyinyi viongozi mnaokaa na mabalozi wa nchi kubwa kwa niaba yetu. Mimi nasomesha historia sekondari huku Wete, Pemba, na naandika hadharani mana jambo lenyewe halina ofisi moja, ukenda kwa huyu atasema la yule, na wakati huo huo watoto wanaletewa vita vya dunia nzima kwenye simu kuanzia alfajiri mpaka wanalala na hakuna aliyewakalisha kitako akawaonesha vita vinatazamwa vipi.

Mwaka jana niliwaambia kidato cha tatu kila mtu aandike, bila ya jina, nchi gani kubwa duniani ni mbaya kuliko zote na ipi ndio nzuri, na sababu. Zile karatasi ninazo mpaka leo. Marekani ilishinda kwa ubaya kwa mbali sana, sababu Gaza, sababu Iraq, mmoja kaandika "kwa sababu wanatuchukia Waislamu" akapiga mstari chini mara mbili mpaka karatasi ikachanika. China ikaongoza kwa uzuri. Msichana mmoja kaandika kwa kalamu ya risasi mistari mitatu tu, kwamba daktari wa Kichina hospitali ya Mkoani kamfanyia bibi yake operesheni ya mtoto wa jicho na sasa bibi anachambua mchele mwenyewe. Urusi nayo ilipata watu wengi na sababu zao zote zinafanana, kwamba inawatia adabu wakubwa wa Magharibi. Nikawauliza, haya, na kule Ukraine wanaokufa ni nani? Kimya. Alafu kijana wa nyuma akajibu, "si Wazungu wenyewe kwa wenyewe mwalimu". Darasa zima likaona kashajibu.

Sikuwakemea. Walichokifanya wale watoto ndicho wanachokifanya wazee wao barazani Wete na Jaws Corner kule mjini, na ndicho wanachokifanya watu wa London, wa Moscow na wa Beijing, kila mmoja anayahukumu madola kwa kuangalia yeye kafanyiwa nini na wa upande wake nani. Mtu kumpenda aliyemponya bibi yake ni haki yake. Ninacholalamikia mimi ni pale mapenzi yale yanapopanda mpaka kwenye roho za watu, mtu akaamua huyu akiua ni sawa kwa sababu alitujengea na yule akiua ni dhalimu kwa sababu hatumpendi, hapo ndipo skuli ilitakiwa iwepo na haipo.

Na sisi Wazanzibari tulitakiwa tuwe wa mwanzo kulijua hili kwa sababu limetupata wenyewe. Chukueni tarehe 27 Agosti 1896. Sultan Hamad bin Thuwaini kafariki siku mbili nyuma, Khalid bin Barghash kaingia kasri bila ya ruhusa ya Muingereza, Muingereza akampa mpaka saa tatu asubuhi atoke. Ilipopita dakika mbili tu baada ya saa tatu manuwari zilizotia nanga pale mbele zikaanza kupiga, hazikufika dakika 45 kila kitu kimekwisha, watu kiasi ya 500 upande wetu wamekufa au wamejeruhiwa, Muingereza kajeruhiwa baharia mmoja. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akatoroshwa kwenda Dar es Salaam, na baadae wakati wa vita vikuu vya mwanzo Waingereza wakamkamata wakampeleka uhamishoni. Sasa nendeni Forodhani siku yoyote msikilize tukio hili linavohadithiwa, ni kichekesho, "vita vifupi kuliko vyote duniani", mtalii anacheka, anayemtembeza anacheka, na ndivyo lilivyoandikwa duniani, rikodi. Mana aliyeliandika ni yule aliyekuwa ndani ya manuwari akiangalia saa. Mimi watoto wangu wa darasani nawaambia waandike upya tukio lile wakiwa ndani ya kasri, chini ya mbao na chokaa inayoanguka, na wallahi karatasi zinazorudi hakuna hata moja inayochekesha.

Lakini hapo hapo namtaka mwanafunzi huyo huyo ajue kwamba 1873 Muingereza huyo huyo, tena kwa vitisho vya manuwari hizo hizo, ndiye aliyemlazimisha Sultan Barghash, baba yake Khalid, kulifunga soko la watumwa la Mkunazini. Tufanye nini na hilo? Muingereza anapenda tulikumbuke la 1873 tulisahau la 1896, wengine kwetu wanapenda kinyume chake. Yote mawili yametokea mjini kwetu na hakuna moja linalolifuta jenzake, na mtoto wa miaka 16 anaweza kabisa kuyabeba yote mawili kama atapewa.

Tena kuna kubwa zaidi ambalo hatulisemi. Kuna wakati dola kubwa la ukanda huu tulikuwa sisi. Kwetu tunamsifu Barghash kwa maji ya mferejini na kwa jumba la Beit al Ajaib la 1883, na kweli alileta, lakini muulizeni mtu wa Tabora au Ujiji au ng'ambo ya pili ya ziwa Tanganyika, nini kilitoka Unguja kikafika kwao katika miaka hiyo. Ilifika misafara ya pembe na ya watu waliofungwa. Anaposoma historia mtoto wa kule anatuona sisi kama vile sisi tunavyomuona Mmarekani leo, na akisikia tunasimulia uzuri wa kasri zetu moyo wake unaumia vile vile. Hili likisomeshwa vizuri Zanzibar, bila ya kulifanya fimbo ya kuchapana kisiasa kama tulivyozoea, naamini nusu ya kazi ninayoiombea barua hii itakuwa imefanyika, mana mtu aliyekubali kwamba wazee wake walikuwa na nguvu na waliitumia vibaya hawezi tena kushangaa kwamba na rafiki yake anaweza.

Twendeni mbele. Baada ya Mapinduzi ya 1964 magazeti ya Magharibi yalituita Kuba ya Afrika, Uingereza na Marekani zikakaa mpaka Februari 23 huko ndio zikaitambua serikali, wakati China ilishaitambua ndani ya siku chache tu. Zanzibar nayo ikawa ya mwanzo Afrika kuitambua Ujerumani ya Mashariki na wale ndio waliokuja kutujengea majumba ya Kikwajuni na kutuanzishia yale ya Michenzani. Nna jamaa zangu wamezaliwa mule na wamezeeka mule na ukiwatukania Mjerumani yule wanakukasirikia kwelikweli, watu waliotoka nyumba za udongo na makuti wakapewa umeme na choo cha ndani, utawaambia nini. Na mimi siwaambii kitu. Lakini nchi hiyo hiyo tokea 1961 ilijenga ukuta katikati ya Berlin na raia wake waliojaribu kuupanda walipigwa risasi. Na mkuu wa ujasusi wao wa nje, Markus Wolf, alikuja Zanzibar mwenyewe 1964 na watu wake wakasaidia kuunda na kufundisha usalama wa taifa wa hapa. Wazee walioishi miaka ile, waliokuwa wakizungumza kwa kunong'ona ndani ya nyumba zao wenyewe, wanajua ninachokisema. Mikono ile ile imetujengea nyumba na imetufundisha kusikilizana mlangoni, sasa mtoto anayesoma la kwanza tu kadanganywa na anayesoma la pili tu kadanganywa pia.

China hali kadhalika. Hapa nitakaa kidogo mana ndipo pagumu kwetu Pemba. Madaktari wao wanatujia tokea 1964, zamu kwa zamu, wengi wanatoka jimbo la Jiangsu. Hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani wameijenga upya. Na tokea 2017 wamekuwa nasi kwenye vita vya kichocho, nimewaona kwa macho yangu wamevaa mabuti ya mpira mpaka magotini wanaingia kwenye mabwawa kuokota konokono wanaobeba ugonjwa huo mmoja mmoja na kuwatia kwenye vichupa, jua la saa saba, huku watoto wa kijiji wamekaa ukingoni wanawaangalia. Mtu wa namna hiyo nitamuombea dua na sioni haya. Alafu tarehe 31 Agosti 2022 ofisi ya haki za binaadamu ya Umoja wa Mataifa ikatoa ripoti kwamba yanayowafika Wauighur na Waislamu wengine wa Xinjiang, kuwekwa kizuizini kwa wingi bila ya haki na mateso, huenda yakawa ni jinai dhidi ya ubinaadamu. Oktoba 6 mwaka huo huo Baraza la Haki za Binaadamu Geneva likapiga kura, si ya kuiadhibu China, ni ya kuijadili tu hiyo ripoti, ikakataliwa kwa 19 dhidi ya 17, na katika waliokataa zimo Pakistan, Indonesia, Qatar na Imarati. Nchi za Kiislamu hizo! Somalia ilikubali ijadiliwe. Nakuulizeni, nani kasikia habari hiyo kwenye khutba ya Ijumaa hapa visiwani, nani kaisikia kwenye habari zetu za saa mbili? Gaza tunaiombea dua ya qunuti ndani ya sala, na tunafanya vyema, mimi mwenyewe nalia. Wauighur nao wanasali kuelekea kibla hicho hicho.

Wala msije mkasema mwalimu huyu kanunuliwa na Magharibi. Mmarekani tunamjua siku nyingi, mkataba wake na Seyyid Said ni wa 1833 na balozi wake kakaa hapa tangu 1837, wakati huo akituletea vitambaa vya merikani na kuchukua pembe. 1960 akajenga kituo Tunguu cha kufuatilia vyombo vya anga, Februari 1962 mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia kituo hicho kilikuwa kimoja katika vilivyozungumza naye. Kwa Mmarekani ile ilikuwa fahari ya binaadamu wote. Kwa vijana wetu walioandamana ilikuwa ni kambi ya maroketi itakayoletea visiwa vyetu mabomu ya Mrusi, na baada ya Mapinduzi ikang'olewa. Nani alikuwa sahihi? Chombo kilikuwa cha kusikiliza, hakikuwa na roketi. Lakini watu ambao hawakuulizwa kitu na dola linalokuja kuchimba kwenye ardhi yao wana haki ya kuogopa, na hofu ile haikutoka hewani.

Na ya Salim Ahmed Salim mnayajua, mtoto wa visiwa hivi. Tarehe 25 Oktoba 1971 alikuwa balozi wetu New York, kijana hajafika hata miaka 30, China ilipoingizwa Umoja wa Mataifa kwa kura 76 dhidi ya 35, na yeye akafurahi waziwazi mule ukumbini. Mmarekani hakumsahau. Miaka kumi baadae, 1981, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa Marekani ikampigia veto mara baada ya mara, China nayo ikampigia veto Waldheim, katibu mkuu aliyekuwa akitaka kuendelea, vile vile, mwisho nafasi ikenda kwa Pérez de Cuéllar wa Peru. Sisi tunasema alidhulumiwa na mimi nasema alidhulumiwa. Lakini usiku ule ule wa 1971 ambao kwetu ni wa fahari, kwa watu wa Taiwan, waliokuwa wakikikalia kiti kile cha China, ni usiku waliotolewa nje. Mtoto akiyajua yote hayo hakipungui kitu katika mapenzi yake kwa Salim.

Upande mwengine ni vyandarua. Malaria hapa imeshuka chini ya asilimia 1, na sehemu kubwa ya vyandarua na dawa ya kupulizia majumbani ilitoka kwenye fedha za Mmarekani kuanzia 2006, wakati ule ule ambao jeshi lake lilikuwa Iraq kwa ajili ya silaha ambazo hazikupatikana mpaka leo. Alafu Januari 2025 Trump akasimamisha misaada ya nje kwa saini moja na Julai USAID, shirika lao la misaada, likafungwa. Mtoto aliyenusurika kwa chandarua kile ana wajibu gani kwa yule aliyekufa Falluja kule Iraq? Hilo ndilo swali la historia na maadili, na halimo kwenye mtihani wowote.

Sasa vita vya leo. Machi 17, 2023 mahakama ya jinai ya kimataifa ilitoa hati ya kumkamata Putin kwa watoto wa Ukraine waliochukuliwa, Marekani ikasema ni haki kabisa. Novemba 21, 2024 mahakama hiyo hiyo ikatoa hati ya Netanyahu, Marekani hiyo hiyo ikasema ni aibu, na Februari 2025 ikaiwekea mahakama vikwazo. Gaza washakufa zaidi ya watu 60,000 kwa hesabu ya wizara ya afya ya kule. Moyo wangu unawaka kila nikiandika hivi. Lakini na Mrusi anayesimama New York akawalilia watoto wa Gaza, Machi 16, 2022 ndege yake iliangusha bomu kwenye jumba la michezo ya kuigiza Mariupol ambapo raia walijificha na nje wameandika chini kwa herufi kubwa kabisa, zinazosomeka kutoka juu, kwamba ndani mna watoto. Mwanafunzi wangu aliyesema "Wazungu wenyewe kwa wenyewe" nilimuonesha picha ile. Aliikodolea macho muda, akauliza, "kwani na hawa walikuwa wadogo?" Na tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas iliposhambulia, katika waliouliwa wamo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kwa mafunzo ya kilimo, wana mama zao hapa hapa Tanzania, na grupu za WhatsApp zilizokuwa zikishangiria siku ile hazikuwataja.

Tumeamrishwa na Mola wetu chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Sijui agizo gani lingine liko wazi kuliko hilo. Pishi tunayopimia mchele wa jirani ndiyo tumpimie na ndugu. Basi na hapa iwe hivo: nani kauliwa akiwa hana silaha, nani alitoa amri, kuna yeyote aliyepelekwa mbele ya hakimu, na waliofikwa wenyewe wanasemaje kwa midomo yao. Maswali hayo aulizwe Mmarekani, Mrusi, Mchina, Muisraili, Muarabu na sisi wenyewe, bila ya kupunguza hata moja kwa sababu ya hospitali au ya dini.

Najua jibu litakalokuja, mana nshaambiwa. Baada ya ule mdahalo wangu na kidato cha tatu kuna mkubwa mmoja aliniita akaniambia haya ni mambo ya siasa, nchi yetu haifungamani na upande wowote, wasomeshe watoto kilichomo kwenye silabasi. Sikumjibu kwa ukali, nilimjibu kwa historia na nakujibuni nanyi hivo hivo. Kutofungamana hakujapata kuwa ni kunyamaza. Disemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi wa Kizungu walijitangazia utawala wao, na ikaukosa mkopo wa pauni milioni 7.5, nchi maskini ya miaka minne tu ya uhuru. 1968 vifaru vya Mrusi vilipoingia Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, Tanzania ile ile iliyokuwa ikipata silaha kutoka kambi ya kijamaa ililaani. Tulisema kwa huyu na tukasema kwa yule. Ndiyo mana watu wa ukombozi wa kusini mwa Afrika walituamini.

Machi 2, 2022 ilipopigwa kura Umoja wa Mataifa kulaani uvamizi wa Ukraine, nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 hazikuchukua upande na sisi tumo katika hizo 35. Kenya iliunga mkono. Inawezekana kulikuwa na sababu nzuri tu, ngano, mafuta, marafiki wa zamani, na serikali ina mengi ya kuangalia ambayo mwalimu wa Wete hayaoni. Msichana yule wa bibi wa mtoto wa jicho ndiye aliyeniuliza, "mwalimu, sisi tulisema nini na kwa nini?" La kwanza nilimjibu. La pili nimelitafuta kwenye vitabu vyote vya skuli na halimo. Najua mambo ya nje ni ya Muungano, Zanzibar haina waziri wake wa mambo ya nje na tulipojiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, mwishoni mwa 1992 ilibidi 1993 tutoke. Lakini kuelezwa si jambo la Muungano wala la Zanzibar, ni haki ya raia. Machi ule ule mamia ya watalii wa Ukraine walikwama hapa Unguja, wengine hawana hata pesa ya chakula, mahoteli na serikali ikawahifadhi mpaka wakapata ndege. Watu wetu waliwaona wale ni watu bila ya kuuliza kura yetu ni ipi.

Kuhusu vyombo vya habari nitasema kwa ufupi lakini kwa uzito. Dunia tunaisikia kwa Kiswahili kutoka kwa nani? BBC tangu 1957, redio ya Peking tangu 1961, DW ya Mjerumani, VOA ya Mmarekani, RFI ya Mfaransa, na juzi juzi TRT ya Mturuki, na kabla ya wote hao wazee wetu walikuwa wakikusanyika kusikiliza Sauti ya Kairo ya Gamal Abdel Nasser. Zote ni za serikali za watu au zinalipwa na serikali za watu. Machi 2025 Washington ilipoamua kuwasimamisha kazi wafanyakazi wa VOA idhaa ya Kiswahili ikanyamaza na wasikilizaji wa Pemba wakabaki wanazungusha redio. Hawa wote wanafanya kazi na wengine wanaifanya vizuri sana. Ninachoomba ni kwamba redio na televisheni yetu ya umma ikichukua habari au vidio kutoka kwao iseme kabla, hii imetoka kwa fulani, inalipiwa na serikali fulani, na habari ya vita isiende hewani na upande mmoja peke yake. Waandishi wetu wanaoalikwa Beijing, Washington, Ankara na kwengineko kwa safari za kulipiwa waende, wajifunze, na wakirudi kila wakiandika habari ya nchi ile waseme nani aliwalipia tiketi. Hiyo haihitaji bajeti.

Kwa wa mitaala ombi langu ni moja na linatekelezeka muhula ujao. Kila mada inayogusa dola kubwa iwe na maandishi mawili yanayopingana, ya aliyefanya na ya aliyefanyiwa, na mtihani umtake mwanafunzi aeleze kila mmoja kaona nini na kwa nini hakuona kingine, alafu aseme yeye anahukumu vipi na kwa kipimo gani. Anzeni na 1896, mana waraka wa Waingereza upo na simulizi za wazee zipo, malizieni na vita vinavyoendelea sasa. Walimu tupeni ulinzi wa maandishi, barua moja tu, kwamba mdahalo wa namna hii darasani ni somo na si kosa. Na kwa wakubwa wa serikali, kila ikipigwa kura kubwa Umoja wa Mataifa kwa jina letu, yatolewe maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tulipigaje na kwa sababu gani, yapelekwe skulini na yasomwe redioni.

Mimi nishaandaa mada mbili za majaribio, moja ya 1896 na moja ya Tunguu, na nna karatasi za wanafunzi za kuonesha kinachotokea wakipewa nafasi. Mkinipa siku nitapanda boti ya asubuhi nije Unguja nikae na watu wa mitaala, nauli nitajilipia. Mkiona bora mje nyinyi, kidato cha tatu nakisomesha historia Jumatatu na Jumatano, saa nne.